Maswali na majibu: Kazi ya msaidizi wa lugha ya Kiingereza katika shule ya msingi ya Uhispania

Swali: Jambo Mwalimu. Nilimaliza masomo ya Kiingereza hapa Lubumbashi, na kwa miaka miwili nimekuwa nikifundisha sekondari huko Katuba, katika darasa la wanafunzi 60. Mwezi wa tisa ninakwenda Madrid kusoma shahada ya uzamili, na shule moja ya msingi ya binafsi imekubali kunipa saa 15 kwa wiki niwe msaidizi wa lugha ya Kiingereza. Kazi yenyewe sijaielewa vizuri. Je, nitafundisha peke yangu? Watoto wasiponielewa, niwatafsirie? Tena nina hofu, kwa sababu Kiingereza si lugha niliyozaliwa nayo.

Jibu: Dada yangu, jambo. Nitaanza na hofu yako, kwa kuwa ndiyo inayoweza kukuharibia kazi kabla hujaingia darasani. Nilifanya kazi hiyo kwa miaka miwili, na sasa ninawaandaa walimu wa Kiingereza hapa mjini; ninayokueleza nimeyaona mwenyewe.

Kihispania kina irabu tano, sawasawa na Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa Madrid anaposhindwa kutofautisha »ship« na »sheep«, anashindwa pale pale uliposhindwa wewe ulipoanza, na wewe unakumbuka jinsi ulivyojifunza kurefusha sauti ile na kuubadilisha mdomo. Mtu aliyezaliwa London hakumbuki, maana hakuwahi kujifunza. Isitoshe, ziko sauti ambazo lugha yetu imekupa bure na wao hawana. Kihispania cha Uhispania hakitenganishi »b« na »v«, hivyo »very« na »berry« kwao huwa neno moja. Hakina »z« kama ya »zawadi«, na mtoto akitaka kusema »zoo« utasikia »soo«. Wala hakina »sh«, na »shoes« hugeuka kuwa »chus«. Sisi tunasema »shamba« na »chama«, »vaa« na »baa«, bila kufikiri. Masikio yako yatayakamata makosa hayo mara moja.

Yako pia yaliyo kinyume, na ni vizuri uyajue ukiwa bado huku. Wao »th« ya »think« wanayo tayari, kwa kuwa ndiyo sauti inayoanza neno lao la kiatu, »zapato«. Sisi wa Lubumbashi tunasema »selasini« na »zahabu« pale Kiswahili sanifu kinapotaka »thelathini« na »dhahabu«, na tabia hiyo hutufuata hadi kwenye Kiingereza. Vilevile wengi wetu huidondosha »h« na kusema »abari«, ilhali wao huitamka kwa ukali kama »kh«. Na panapokutana konsonanti mbili mwanzoni mwa neno, Mhispania hutanguliza irabu na kusema »eschool«, nasi huipenyeza katikati na kusema »sikuli«. Katika wiki zilizobaki jirekodi kwenye simu, usome ukurasa mmoja kwa sauti kila jioni, kisha usikilize sauti hizo tatu tu. Lafudhi yako nyingine iache ilivyo. Watoto wanapaswa kujua kwamba Kiingereza husemwa na watu wengi wa dunia kwa namna nyingi, mradi maneno yaeleweke.

Sasa kazi yenyewe. Huko utaitwa »auxiliar de conversación«, yaani msaidizi wa mazungumzo, na jina hilo linaeleza mipaka yake: kazi yako ni kuwafanya watoto waseme. Mwalimu wa darasa ndiye anayepanga somo, anayetoa alama, anayeonya na anayezungumza na wazazi. Mkoa wa Madrid ulianza mpango wa shule za lugha mbili mwaka 2004, na katika shule za namna hiyo Kiingereza hakibaki kuwa somo peke yake, bali watoto hufundishwa kwa Kiingereza masomo mengine pia, hasa sayansi. Usishangae basi ukiambiwa siku ya kwanza uzungumze juu ya safari ya maji kutoka baharini hadi mawinguni. Darasa la msingi kwa kawaida halizidi watoto 25. Mara nyingi utapewa watoto watano au sita, ukae nao pembeni kwa robo saa, kisha wabadilishane na wengine. Kwa mtu aliyetoka kwenye watoto 60 hilo litaonekana jambo dogo, lakini ndipo palipo na ugumu, kwa sababu katika kundi la watano hakuna mtoto wa kujificha nyuma ya mwenzake na wewe huna pa kujificha.

Kuhusu kutafsiri, jibu langu ni hapana, na ninalisema kwa uzito. Mwalimu wa darasa anaweza kutafsiri, tena ana sababu zake nzuri za kufanya hivyo. Wewe ukianza kutafsiri kila sentensi, baada ya wiki mbili watoto watajifunza kusubiri Kihispania chako na kukipuuza Kiingereza kilichotangulia. Kifaransa usikitumie kabisa. Mtoto asipoelewa, mwoneshe kitu, chora, fanya tendo kwa mwili, au sema tena kwa sentensi fupi zaidi. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, tangu miaka ya 1960 alijenga njia nzima ya kufundisha lugha juu ya wazo hilo: mwalimu anaamuru, anatenda mwenyewe, na wanafunzi wanatenda pamoja naye kabla hawajadaiwa kusema neno. Kwa watoto wa miaka sita na saba sijaona njia iliyo bora zaidi.

Shule nyingine zitakuomba ujifanye hujui Kihispania hata neno moja. Mimi sikupenda uongo huo, maana mtoto atakusikia ukinunua mkate dukani, na siku hiyo utapoteza heshima yako. Waambie tangu mwanzo kwamba pamoja nawe ni Kiingereza, basi, nao watazoea.

Jambo ambalo lilinichukua muda mrefu zaidi kujifunza ni kunyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe alionesha kwamba walimu wengi, wakishauliza swali, husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kulijibu wenyewe au kumrukia mwanafunzi mwingine, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu huwa marefu na watoto wengi zaidi huthubutu kusema. Katika lugha ya kigeni sekunde hizo zina thamani kubwa zaidi, kwa kuwa mtoto anatafuta wazo na neno kwa wakati mmoja. Nilikuwa nikihesabu polepole kwa kugusa vidole mfukoni mpaka vitano. Akikosea, usimkatize, rudia sentensi yake ikiwa sahihi, kana kwamba unaendeleza mazungumzo. Akisema »He have a dog«, mjibu »Oh, he has a dog! Is it big?« na uendelee.

Vifaa beba kutoka nyumbani. Nunua kwa mafundi wa hapa jiwe dogo la kijani la malakiti lililosuguliwa na msalaba mdogo wa shaba wa ukumbusho, mfano wa ile misalaba iliyokuwa fedha ya Katanga zamani. Mtoto akiushika mkononi na kuambiwa kwamba kitu hiki kilitumika kununulia mali, atataka kuuliza, na mtoto anayetaka kuuliza hutafuta maneno kwa nguvu zake zote. Kwa msalaba mmoja nilifundisha »heavy« na »light«, kisha kupima na kulinganisha, kisha soko zima la kuuza na kununua, kwa muda wa wiki tatu.

Swali lako la kubaki peke yako lina upande wa sheria. Katika mwaka wangu wa kwanza, mwalimu mmoja alizoea kutoka na kuniachia darasa zima, nami kwa kutaka kuonekana mtu mwema sikusema kitu. Siku moja mtoto alianguka kutoka juu ya kiti na kupasuka kidevu, na mimi sikujua hata namba ya kupiga. Mzazi aliuliza nani alikuwa na mtoto wake, nasi wote wawili tulikosa jibu. Omba kabla ya kusaini kwamba mkataba uandike wazi nani anawajibika kwa watoto unapotoka na kundi, na kwamba hutaachiwa darasa zima. Mkuu wa shule mwenye busara hatakasirika.

Karatasi nitazipitia kwa ufupi. Mpango wa wasaidizi wa serikali ya Uhispania huchukua raia wa nchi zilizo kwenye orodha yake, lakini wewe unaajiriwa na shule moja kwa moja, ukiwa na kibali cha masomo. Tangu mwaka 2022 kanuni za huko zinamruhusu mwanafunzi wa elimu ya juu kufanya kazi hadi saa 30 kwa wiki, mradi isigongane na masomo. Saa zako 15 zinaingia bila shida. Kwa sheria ya mwaka 2015, kila anayefanya kazi na watoto lazima awe na cheti kinachoonesha kwamba hakuwahi kuhukumiwa kwa makosa ya kingono, na cheti hicho utakiomba huko huko. Cheti chako cha kutohukumiwa cha hapa kichukue mapema kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka, kithibitishwe Kinshasa pamoja na diploma yako, na vyote vitafsiriwe. Mtu akikudai mamia ya dola ili eti akuharakishie mkataba au akulindie nafasi, usimpe. Nafasi unayo tayari, na shule inajua jina lako.

Ukifika, omba wiki ya kwanza ukae nyuma ya darasa usikilize tu. Andika majina ya watoto na, kando ya kila jina, sauti moja inayomshinda. Orodha hiyo ndiyo itakayokuwa mpango wako wa kazi mpaka Krismasi.