Isiyorudishika hainunuliki (kwa mdau wa peni ya 1849)

Mkuu, USILIPE. Kama ulishafungua programu ya benki, ifunge kwanza, soma hapa, hiyo peni haikimbii.

Umeandika kwamba uko Reading, umeanza kupenda sarafu za zamani za shaba za Kiingereza, na umepata jamaa anayeuza peni ya Malkia Victoria ya 1849 kwa pauni 380. Hana duka, ni mtu binafsi. Inang'aa "kama imetoka kiwandani jana". Anataka umtumie hela kwa yale malipo ya mtandaoni ya "ndugu na marafiki", kama unamzawadia jamaa yako, eti kukwepa makato, akuletee kwa posta, na amekupa mpaka Ijumaa. Halafu ukauliza na mengine: uanze na sarafu zipi, uzihifadhi vipi, posta inataka bima au la. Nitajibu nitakayoyakumbuka. Hiyo ya 1849 tu imenitoa jasho nikiwa nimekaa.

Maana hapo ulipo nilishasimama mimi, na viatu vyangu bado viko hapo. Badilisha mwaka tu: weka 1827, na badala ya Victoria weka baba yake mkubwa, Mfalme George wa Nne.

Peni za shaba za George wa Nne zilipigwa chapa kwa miaka mitatu tu, 1825, 1826 na 1827. Ya 1826 utaikuta bila kuhangaika, na iliyotumika kiasi hununuliwa kwa makumi ya pauni. Ya 1827 ni habari nyingine. Nyingi zilipakiwa melini zikapelekwa Tasmania huko Australia, enzi hizo ikiitwa Van Diemen's Land, kisiwa walikopelekwa wafungwa, na ndiyo maana zinazojitokeza leo mara nyingi zimeliwa na udongo na chumvi mpaka sura ya mfalme inafanana na ngozi ya kenge. Kwa hiyo kati ya sita na saba, tarakimu moja tu pale chini ya shingo, kuna mamia ya pauni. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Wakati huo nilikuwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wapenda sarafu. Humo kulikuwa na bwana mmoja tuliyekuwa tunamwita Profesa. Jina hatumtaji, ila akisoma hapa atajijua. Kila sarafu ana neno. Siku nilipoweka tangazo la ile 1827, pauni 420, akajibu ndani ya dakika moja: "Shaba inayong'aa ndiyo haijatumika, chukua haraka kabla Wamarekani hawajaiona." Kabla Wamarekani hawajaiona! Mimi nikajiona nagombania sarafu na Marekani nzima, nikatuma hela saa nane za usiku nikiwa zamu, nimekaa juu ya pipa ghalani.

Hela yenyewe ilikuwa ya mabati ya jiko la mama, Korogwe. Mke wangu nilimwambia nimenunua kwa pauni 42. Sifuri moja niliimeza.

Ikaja baada ya siku nne, kwenye bahasha ya kawaida, imebandikwa kwa gundi ya karatasi juu ya kipande cha boksi la biskuti. Hapo tu mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilifurahia. Ilikuwa inawaka rangi ya machungwa mbele na nyuma, nikaiweka juu ya meza, nikazima taa ya sebuleni nikaimulika kwa simu. Wanangu wakaniuliza kama ni dhahabu.

Miezi miwili baadaye nikaibeba kwenda kwenye maonyesho ya sarafu ya Jumapili pale National Motorcycle Museum, nje kidogo ya Birmingham. Nilitaka kusifiwa tu, siongopi. Nikampa mzee mmoja muuzaji, miwani shingoni, chai mkononi. Hakusema kitu. Aliweka chai chini, akachukua lenzi ya sonara, akailaza sarafu chini ya taa mpaka mwanga ukawa unaipiga kwa ubavu, akaizungusha polepole kama mtu anayefungua kufuli. Kisha akanipa lenzi niangalie mwenyewe.

Kwanza akanionyesha nywele. Taji la majani kichwani mwa mfalme lilikuwa limelika, majani yameungana, hayahesabiki. Lakini shavu linawaka. Akaniuliza: sarafu iliyopita mikononi mwa watu mpaka majani yakaisha, mng'ao wa kiwandani umebaki wapi? Mng'ao wa kweli, ukibaki, hujificha kwenye vichochoro, katikati ya herufi na pembeni mwa sura, kule vidole visikofika. Palipoinuka panakuwa kahawia. Yangu ilikuwa inang'aa kila mahali sawasawa, na chini ya lenzi ukaona mikwaruzo membamba kama nywele, yote imeelekea upande mmoja. Ilikuwa imesuguliwa.

Halafu akanionyesha tarehe. Ile saba ilikuwa imekaa kwenye kibonde. Yaani uso wa sarafu pale pembeni yake ulikuwa umeshuka kidogo kuliko kwa 1, 8 na 2, na mguu wa saba una ncha kali, wakati wenzake wamelika wakawa mviringo. Mzee akachukua chai yake, akasema: "Saba hii, bwana, ilizaliwa sita."

Nilicheka. Sijui nilicheka nini.

Ndipo nikaelewa ule mng'ao ulikuwa na kazi gani. Ukikwangua tarakimu kwenye shaba yenye rangi yake ya miaka mia mbili, panabaki doa jeupe-jekundu ambalo hata bibi kizee ataliona bila miwani. Sasa ukiisugua sarafu nzima, doa linapotea, kwa sababu kote kumekuwa doa. Mng'ao ulikuwa plasta juu ya kidonda. Na Profesa ndiye aliyenifundisha kuipenda plasta!

Msinielewe vibaya, si kila tarakimu iliyokaa juu ya nyingine ni utapeli. Kiwanda chenyewe cha serikali cha kupiga sarafu, Royal Mint, kilikuwa kinabana matumizi, kinachukua muhuri wa chuma wa kupigia sarafu wa mwaka uliopita na kugonga tarakimu mpya juu yake. Kuna peni halali za Victoria za 1848 zenye 7 chini ya 8, na ile adimu ya shaba ya 1860 imepigwa juu ya 59. Tofauti ni kwamba pale kosa liko kwenye muhuri, kwa hiyo tarakimu zote mbili zimeinuka pamoja, laini, na uso wa sarafu pembeni haujaguswa. Kwenye utapeli kisu kimepita juu ya sarafu yenyewe. Kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa juu, tena sarafu inawaka, huwezi kuzitenganisha. Mimi sikuweza, na wewe hutaweza, na Profesa ndiyo kabisaa.

Nikarudi kwa muuzaji. Nikamwandikia kwa adabu, nikamwita "sir". Akanijibu nirudi kusoma tangazo. Nikasoma. Lilikuwa limeandikwa: "inaonekana kama 1827, angalia picha uamue mwenyewe, haina kurudisha". Inaonekana kama! Yule mtu alikuwa mwanasheria kuliko mwanasheria. Nikakimbilia kule nilikolipia, nikaambiwa malipo ya ndugu na marafiki hayana ulinzi wa mnunuzi, kwa sababu kimsingi hujanunua kitu, umemtumia ndugu yako hela. Basi nina ndugu hapa Uingereza ambaye sijawahi kumwona na nimemzawadia pauni 420. Siku ya tatu akaunti yake ikafungwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nimeilipia risiti: ISIYORUDISHIKA HAINUNULIKI. Usiniambie ni adimu. Usiniambie bei imeshuka. Mwulize muuzaji swali moja kabla ya yote, kwa maandishi: "Nikiipokea nisipoiridhia, nairudisha kwa siku ngapi?" Akianza kuzunguka, umeshajibiwa.

Hapa Uingereza hili wala si la kuomba hisani. Kuna kanuni za mauzo ya mbali za 2013: ukinunua kwa mfanyabiashara kwa posta, simu au mtandao, una siku 14 tangu upokee mzigo kubadili mawazo, na hutoi sababu. Pengine utalipa nauli ya kuirudisha, basi. Lakini kanuni hizo zinambana mfanyabiashara, hazimgusi mtu binafsi. Ndiyo maana matapeli wengi ni "watu binafsi wanaouza vitu vya marehemu babu". Hawa mababu walikuwa na peni adimu kuliko Royal Mint.

Na ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000, sheria ya mikopo ya 1974 inaiweka benki iliyokupa kadi kwenye kesi pamoja na muuzaji. Huyo jamaa wako anakimbia makato ya pauni chache au anakimbia hilo? Fikiria mwenyewe. Wauzaji wenye duka na jina la kulinda wapo, wana chama chao, British Numismatic Trade Association, orodha iko wazi. Kwao utalipa zaidi kidogo. Mimi sasa hiyo zaidi kidogo naiita ada ya kulala usingizi.

Ulisema pia umepanga kuipitisha kwenye ndimu ikifika, ile kutu ya kijani pembeni itoke. WEE! Naomba ushuhuda wangu uwe wa mwisho. Nusu peni yangu ya 1806 niliisugua kwa ndimu na majivu, kama bibi alivyokuwa anasugua sufuria za shaba siku ya kuamkia Idi. Ilitoka waridi kama kamba aliyechemshwa. Bibi angejivunia. Muuzaji niliyempelekea aliniuliza kama nimeipika.

Uanze na nini? Mimi naishi Handsworth, Birmingham, kutembea kidogo tu kutoka Soho House, nyumba ya Matthew Boulton, mpiga sarafu wa enzi hizo, kwa hiyo nina upendeleo na sijifichi. Anza na peni yake ya 1797, ile wanayoiita gurudumu la mkokoteni kwa sababu ya ule ukingo mpana. Aliipiga kwa mashine za mvuke, na uzito wake ulikusudiwa uwe aunsi moja kamili, gramu 28 na ushee. Ya peni mbili ni aunsi mbili. Mizani ndogo ya sonara inakuambia nusu ya ukweli kabla hujatafuta lenzi. Mwaka ni huo mmoja tu, hakuna wa kukuchongea saba. Zipo tele, na iliyotumika vizuri haitakula hela ya mabati ya mtu. Hiyo 1849 yako, ikiwa ya kweli, inatakiwa iwe na milimita 34 na gramu kama 18.8, ikipungua kidogo kwa kulika. Lakini mizani haitakusaidia kwa tarehe iliyochongwa, maana sarafu yenyewe ni halali, ulioghushiwa ni mwaka. Yangu ilipima vizuri kabisa. Nilikuwa naipima kila jioni kama mtoto wa kliniki.

Posta: mwambie muuzaji atume kwa Special Delivery, huduma ya posta ya Royal Mail, ambayo ina fidia ya mpaka pauni 750 na inasainiwa. Njia za kawaida hazifidii vitu vya thamani, na sarafu zimo humo. Na wewe ukirudisha, rudisha kwa njia hiyo hiyo, umeipiga picha pande zote mbili kabla hujafunga bahasha.

Kuhifadhi sikumbuki uliuliza nini hasa, wadau wengine watakujibu. Isiwe tu kwenye vile vimfuko laini vya plastiki vinavyonuka kama pazia jipya la bafuni, vinaotesha ukijani.

Profesa bado yuko kwenye kile kikundi. Juzi kamwambia kijana mmoja wa Luton kwamba robo peni inayong'aa ni uwekezaji. Nikaandika neno moja, nikatolewa.

Ile 1827 ninayo mpaka leo. Iko juu ya friji, inashikilia bili ya maji, na mke wangu bado anajua ni ya pauni 42, kwa hiyo atakayekutana naye harusini au msibani namwomba anyamaze. Mabati ya mama yaliezekwa mwaka uliofuata.

Sasa fanya hivi, mkuu: leo hii mwombe huyo jamaa picha ya ile tisa ya 1849, kwa karibu, sarafu imelazwa taa iipige kwa ubavu, na umwulize lile swali la siku ngapi. Akikutumia, iweke hapa. Niko zamu ya usiku mpaka Alhamisi, nitaiona.