Jibu: Tunajuaje nyutrino imetoka galaksi gani?

Ndugu, umeuliza wataalamu wanajuaje nyutrino, chembe ndogo mno, imetoka galaksi fulani ilhali haionekani na hupenya karibu kila kitu. Jibu liko kwenye barafu. Huko Ncha ya Kusini, mradi wa IceCube umezika vihisi 5,160, kati ya kina cha mita 1,450 na 2,450. Mara chache mno nyutrino hugonga kiini cha atomu na kuzaa chembe iitwayo muoni, ambayo hupita barafuni ikiacha mwanga wa buluu. Vihisi hupima mwanga umefika wapi kwanza na wapi baadaye, kwa nanosekunde. Muoni hufuata karibu upande uleule wa nyutrino, hivyo ukiupata mstari wa njia yake, umejua nyutrino ilikotoka. Na kwa kuwa nyutrino haina chaji, nguvu za sumaku angani haziipindi njiani kama zinavyopinda protoni. Hapo ndipo utamu wote ulipo!

Tarehe 22 Septemba 2017 ilinaswa nyutrino moja yenye nishati ya takriban TeV 290 (elektronivolti trilioni 290, kipimo cha nishati ya chembe). Darubini zikaelekezwa upande ule, zikakuta galaksi TXS 0506+056 ikiwaka kwa miale ya gama. Mwaka 2022 ikatangazwa galaksi nyingine, NGC 1068, iliyo karibu nasi zaidi, ikiwa na nyutrino zipatazo 79 juu ya kiwango cha kawaida. Mimi naona ushahidi huu una uzito kuliko ule wa kwanza.

TXS iko upande wa kundinyota la Jabari (Orion). Katikati ya Januari, saa nne usiku, ondoka kwenye taa za Nairobi, hata Ngong tu, utazame utosini. Iko pale karibu na bega lake, ingawa bila darubini huioni.