Memori ya Suricata iko asilimia 90: anzia hapa

Ndugu, umesema kifaa chako cha kugundua uvamizi kinaendesha Suricata (programu inayochunguza data za mtandao kutafuta mashambulizi), kina memori ya GB 16, na matumizi yako asilimia 90 hata usiku mtandao ukiwa umetulia. Usikimbilie kununua memori. Kwenye terminal andika free -h (amri inayoonyesha hali ya memori) usome safu ya available (memori ambayo programu bado zinaweza kupata), si used. Linux hukopa memori iliyo bure kuhifadhi data za mafaili, kisha huiachia programu zikiihitaji. Dashibodi nyingi hazitofautishi, ndiyo maana watu wanatishika bure.

Kama available nayo ni ndogo kweli, mimi ningeshuku kwanza kanuni, yaani maelezo ya dalili za mashambulizi ambazo Suricata hutafuta. Wengi huwasha seti zote, hata za kulinda seva wasizokuwa nazo. Zima zisizokuhusu. Halafu fungua suricata.yaml (faili la mipangilio), tazama memcap (kikomo cha memori) za flow, stream na reassembly, sehemu zinazofuatilia miunganisho na kuunga vipande vya data, ulinganishe na memuse (memori inayotumika) kwenye stats.log (faili la takwimu). Punguza memcap kidogo kidogo. Ukibana mno, baadhi ya miunganisho haitafuatiliwa sawasawa na mashambulizi yatapita kimyakimya.

Memori ikiruka saa ileile kila siku, huenda ni usasishaji wa kanuni: zikipakiwa upya bila kuzima programu, seti ya zamani na mpya hukaa pamoja kwa muda. Ila ikipanda siku hadi siku bila kutulia, huenda programu inavuja, yaani haiachii memori iliyokwisha kuitumia. Sasisha toleo, na uangalie dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa keneli, kiini cha Linux) kama keneli imewahi kuiua programu kwa kukosa memori.

Tuletee matokeo ya free na idadi ya kanuni ulizowasha.