Tambi Mtini na Visiwa vya Uongo: Maswali Yenu Kuhusu Mizaha ya Aprili Mosi

Siku ya Wajinga ikikaribia, wasomaji huniuliza kuhusu magazeti, redio na makampuni yaliyowahi kuuingiza mjini umma mzima. Safari hii nimechukua maswali matano.

Eti BBC iliwahi kutangaza kwamba tambi huota mtini? (Msomaji, Tanga)

Kweli tupu. Ilikuwa Aprili 1, 1957, kwenye Panorama, kipindi cha habari nzito ambacho watu hawakukizoea kwa masihara. Filamu ya kama dakika tatu ilionyesha familia moja ya Ticino, kusini mwa Uswisi, ikichuma tambi matawini na kuzianika juani. Msimulizi akaeleza kuwa mavuno yamekuwa mazuri kwa sababu baridi haikuwa kali na yule mdudu anayeshambulia tambi ametoweka. Na mbona zote zina urefu mmoja? Hiyo, akasema, ni kazi ya wakulima wavumilivu, kizazi baada ya kizazi.

Tusiwacheke Waingereza haraka. Sisi tuliokulia pwani, tambi za sukari tumezijua tangu utotoni. Wao miaka ile wengi walizijua za kopo tu, zilizokwisha pikwa na nyanya. Halafu sauti iliyosimulia ilikuwa ya Richard Dimbleby, mtu aliyewatangazia kutawazwa kwa Malkia Elizabeth mwaka 1953. Sauti kama hiyo ikikwambia jambo, unalipokea. Baadhi ya watazamaji walipiga simu wakiulizia mche wa kupanda nyumbani. Wakajibiwa wachomeke kijiti cha tambi kwenye kopo la sosi ya nyanya na kuomba heri.

Kwangu mimi huu ndio mzaha bora wa vyombo vya habari. Hakuna aliyetishwa, hakuna aliyetozwa senti, na aliyeamini alipata kisa cha kuwasimulia wajukuu.

Nimesikia kuna gazeti lilibuni nchi nzima katika Bahari ya Hindi. Ilikuwaje? (Msomaji, Lamu)

Ni The Guardian la Uingereza, Aprili 1, 1977. Lilitoa kurasa saba za kuadhimisha miaka kumi ya uhuru wa San Serriffe, nchi yenye visiwa viwili vikuu ambavyo kwenye ramani vilionekana kama alama ya nuktamkato. Mtawala wake alikuwa Jenerali Pica, mji mkuu Bodoni. Mtu wa kiwanda cha uchapaji angecheka papo hapo: pica ni kipimo cha herufi, Bodoni ni aina ya herufi, na jina la nchi lenyewe ni herufi zisizo na vijimkia. Wasomaji wa kawaida wangejulia wapi? Simu zikamiminika, wengine wakitaka kujua namna ya kwenda huko likizo. Makampuni halisi nayo yaliingia mchezoni kwa matangazo. Kodak iliomba picha kutoka kwa yeyote aliyewahi kufika.

Kuna jambo moja katika kisa hiki ninalolithamini sana. Hapo mwanzo visiwa viliwekwa karibu na Tenerife, katika Atlantiki. Siku chache kabla ya gazeti kutoka, Machi 27, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kiwanjani Tenerife na watu 583 wakafariki. Wahariri wakavihamisha visiwa vyao mpaka bahari yetu. Walijua kwamba penye msiba hapachezewi.

Makampuni nayo hufanya hivi ili iweje? (Msomaji, Nakuru)

Ili yatajwe. Mwaka 1996 Taco Bell, kampuni ya vyakula ya Marekani, ilitangaza katika magazeti makubwa kwamba imeinunua Liberty Bell, ile kengele ya Philadelphia ambayo Wamarekani huiona kama alama ya uhuru wao, ili kusaidia kupunguza deni la taifa. Watu walipiga simu kwa hasira. Kufikia mchana kampuni ikakiri, na ikaahidi dola 50,000 za kuitunza kengele hiyo. Miaka miwili baadaye Burger King ikatangaza baga ya mashoto.

Mimi sina ugomvi na mzaha wa namna hii, mradi mwenyewe autegue siku ileile kabla jua halijazama. Mwaka 2021 tawi la Volkswagen la Marekani lilidai linabadili jina kuwa Voltswagen, tena likawathibitishia waandishi waliouliza. Mwandishi anapokuuliza ana kwa ana kama jambo ni kweli, nawe ukaitikia ndiyo, hapo umeacha utani umeingia kwenye uongo.

Je, kuna mzaha uliowahi kuua? (Msomaji, Bujumbura)

Upo mchezo wa redio uliofikia huko. Februari 1949, mjini Quito, Ecuador, redio ilirusha mchezo wa uvamizi kutoka sayari ya Mirihi kana kwamba ni habari, bila kuwaonya wasikilizaji. Watu walikimbilia barabarani. Walipogundua wamedanganywa, umati ulilichoma moto jengo lenye redio hiyo na gazeti la El Comercio, na watu wakafa humo. Machi 2010 televisheni ya Imedi huko Georgia, nchi ya Kaukasi, ilionyesha "habari" kwamba Urusi imevamia. Vita halisi na Urusi vilikuwa vya Agosti 2008, kidonda bado kibichi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba vifaru vinarudi ni ukatili, na sitauita mzaha hata ukitangazwa Aprili mosi.

Na kuna kilichodhaniwa mzaha kumbe kweli? (Msomaji, Muscat)

Gmail. Ilitangazwa Aprili 1, 2004, ikitoa nafasi ya gigabaiti moja wakati huduma nyingine zilitoa megabaiti chache, na wengi wakadhani Google wanatania.

Wasweden nao wana chao. Mwaka 1962, walipokuwa na chaneli moja tu ya televisheni isiyo na rangi, fundi wa kituo aliwaeleza watazamaji kwamba wakinyoosha soksi ya nailoni mbele ya kioo wataona rangi. Walioamini walikata soksi. Matangazo ya kawaida ya rangi yalikuja kuanza huko mwaka 1970, tarehe mosi Aprili.