Ni Filamu Mbaya, au ni Runinga?

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na hukumu tayari: filamu fulani ina giza, nyingine haisikiki, ya tatu imechezwa kama tamthilia. Tumezipanga pamoja, maana karibu zote zinaulaumu upande usiohusika.

*Mhariri, habari za kazi. Kuna filamu imesifiwa sana, nikaitazama kwenye runinga mpya ya inchi 55 nikaiona kama tamthilia ya mchana. Watu wanateleza badala ya kutembea. Kwenye runinga ya zamani ya kaka yangu, filamu ileile ni sinema kweli. Macho yangu yana kasoro?*
Msomaji, Morogoro

Macho yako ni mazima, dada. Filamu za sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, na runinga yako huonyesha 50, 60, au hata 120. Ili kujaza pengo, runinga hubuni picha za katikati ambazo mpiga kamera hakuzipiga. Mwendo unakuwa laini mno, unafanana na vipindi vya studio, na jicho linadhani limeona kazi ya bei rahisi. Ukitaka uthibitisho, tazama mtu anayepita haraka mbele ya uzio: utaona ukungu unatetemeka kuzunguka kichwa chake.

Ingia kwenye mipangilio ya picha, sehemu ya mipangilio ya ziada (Advanced), uzime kitu hicho. Samsung hukiita Picture Clarity (zamani Auto Motion Plus), LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Kama runinga yako ina Filmmaker Mode, ambayo ilitangazwa mwaka 2019, ichague hiyo na mengi yatazimika kwa mpigo. Angalia pia kwamba runinga nyingi hutunza mipangilio ya kila mlango peke yake: ukizima kwenye HDMI 1, flashi na programu za intaneti zinaweza kubaki vilevile. Kwa mpira unaweza kukiacha kikiwaka, huko hakiharibu sana.

*Filamu za siku hizi zina giza. Nusu saa nzima nasikia watu wanapigana, simwoni steringi wala adui. Waongozaji hawana taa?*
Msomaji, Mombasa

Taa wanazo, na baadhi yao kweli wanazibania. Lakini kabla ya kumshtaki mwongozaji, fanya mambo haya. Funga pazia la dirisha linalotazamana na runinga, kwani mwanga ukigonga kioo huua weusi wote. Kisha zima hali ya kubana umeme, inayopunguza mwanga bila kukuuliza. Toka kwenye picha ya Dynamic au Vivid, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kuvutia wateja dukani, uende Movie au Cinema. Mwanzoni itaonekana ya manjano. Ipe dakika kumi. Halafu pandisha Backlight (taa ya nyuma ya kioo), usiguse Brightness. Katika runinga nyingi Brightness hubadilisha kiwango cha weusi, si nguvu ya mwanga, na ukiipandisha, usiku ulio kwenye filamu unageuka kijivu kama moshi wa kuni mbichi.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo. Faili lililotengenezwa kwa HDR (picha yenye mwanga na rangi pana kuliko kawaida) likichezwa kwenye runinga isiyoielewa, rangi zote hupauka. Hapo hakuna rimoti itakayokusaidia: tafuta toleo la kawaida la 1080p. Na giza likiwa na miraba miraba inayotambaa, hiyo ni intaneti dhaifu. Netflix hukadiria takriban GB 3 kwa saa kwa picha ya HD na GB 7 kwa 4K. Bando likibana, ubora hushuka, na sehemu za giza huwa za kwanza kuumia. Pakua mapema ikiwezekana.

Ukimaliza hayo yote na bado huoni uso wa mtu, basi lalamika, tena kwa sauti.

*Wanaongea kwa kunong'ona, naongeza sauti. Ghafla gari linalipuka, jirani anagonga ukuta. Nina sabufa ya spika tano lakini maneno yanasikika kama yanatoka chumba cha pili. Nifanyeje?*
Msomaji, Dodoma

Hapa ndipo filamu nyingi nzuri hupata jina baya. Sauti ya sinema ya 5.1 ina njia sita, na mazungumzo karibu yote hupita kwenye njia moja, ya katikati. Sabufa nyingi mitaani huunganishwa kwa waya mwekundu na mweupe tu. Waya huo hubeba njia mbili, kushoto na kulia. Kama deki au kisanduku chako kimepangwa kutoa 5.1, njia ya katikati haina pa kupita: muziki na vishindo vinafika, maneno yanabaki nyuma. Dalili ndiyo hiyo uliyoieleza.

Fungua mipangilio ya sauti ya chombo kinachocheza filamu, si ya sabufa, uchague Stereo, 2CH, Downmix au PCM, kutegemea kimeandikwaje. Maneno yatarudi papo hapo. Kisha punguza besi ya sabufa hadi mtu anaponguruma usisikie meza ikitetemeka, kwa sababu besi nzito hufunika sauti za wanaume. Kwa jirani, washa Night Mode: hushusha milipuko na kuinua minong'ono. Anayetazama kwa kompyuta kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ataikuta kazi hiyo ndani ya madoido ya sauti, kwa jina la Compressor. Na asiye na sabufa asiiegemeze runinga kwenye kona au nyuma ya vitambaa. Spika za runinga nyembamba hutazama chini au nyuma, na zinategemea ukuta ulio wazi kurudisha sauti.

Picha ikiwepo bila sauti yoyote, huenda sauti ya faili imefungwa kwa mfumo wa DTS, ambao runinga nyingi haziusomi. Tafuta toleo lenye mfumo wa AAC au AC3.

Lakini si kila mara kosa ni la nyumbani. *Tenet* ya Christopher Nolan (2020) ililalamikiwa na watu waliokaa ndani ya majumba ya sinema yenye spika za gharama. Kwa filamu ya namna hiyo washa maandishi ya chini usione haya.

*Maandishi ya chini yanaanza sawa, ikifika saa moja yanatangulia kwa dakika mbili na zaidi. Nikiyasogeza, baada ya muda yanaharibika tena.*
Msomaji, Kigoma

Kupishana kunakokua ni dalili kwamba maandishi yalitengenezwa kwa toleo la picha 25 kwa sekunde, na filamu yako ni ya 23.976. Baada ya saa moja tofauti hufika kama dakika mbili na nusu. Kuyasogeza hakutibu. Fungua faili la srt (ndilo lenye maandishi ya chini) kwenye programu ya Subtitle Edit, nenda kwenye kubadili kasi ya picha, weka kutoka 25 kwenda 23.976, uhifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kuandika herufi. Lipe jina lilelile la filamu, liwe folda moja. Pengo likiwa lilelile mwanzo hadi mwisho, hapo ndipo vitufe vya G na H vya VLC vinatosha: H huchelewesha maandishi, G huyawahisha.

*Nikiona filamu iliyotafsiriwa na DJ, naruhusiwa kusema nimeitazama?*
Msomaji, Nakuru

Umeitazama, ila maoni yako ni ya kazi mbili. Wasimulizi kama DJ Afro huweka sauti yao juu ya ile ya asili, wanatia utani, wanawapa wahusika majina mapya. Ukicheka, huenda umechekeshwa na DJ. Taja tu kwamba umeiona ya DJ, na usihukumu uigizaji wa sauti ambao hukuusikia.

*Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia kila nikisifu filamu naambiwa nimewaharibia. Niandikeje?*
Msomaji, Tanga

Usivuke robo ya kwanza ya hadithi, na usiseme "mwisho utashangaa", kwa sababu atakayekuja atakaa akiusubiri mshangao badala ya kutazama. Taja urefu, lugha, inapopoa, na kama watoto wanaweza kukaa sebuleni. Mfano: "Dakika 112, Kihindi, maandishi ya Kiingereza. Dakika 20 za kwanza zinasuasua, vumilieni. Kuna damu, wadogo wakalale. Mama atapenda nyimbo." Kwa Kenya, alama za bodi ya uainishaji wa filamu (GE kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, 16 na 18 kwa umri) zinakurahisishia hilo la watoto.

*Mistari myeusi juu na chini: nimepunjwa picha?*
Msomaji, Arusha

Hapana. Filamu nyingi ni pana kuliko runinga. Kwenye inchi 32, filamu ambayo upana wake ni mara 2.39 ya kimo chake huacha karibu sentimita 5 juu na 5 chini. Ukibonyeza Zoom kuiondoa mistari, unakata robo ya upana, na wawili wakizungumza kila mmoja pembeni mwake, utabaki na ukuta ulio katikati yao.