Maswali yenu: machipuko ya Wachina, viatu vya Hong Kong na chai ya bei mbaya

Wiki iliyopita nilitaja hapa kwamba Wachina huugawa mwaka katika vipindi 24, sita kati yake vikiwa vya machipuko, majira yanayofuata yale ya baridi. Barua zikamiminika. Najibu nilizoweza.

Binamu yangu anasoma Harbin. Tarehe 4 Februari wenzake walimwambia machipuko yameanza, na nje ni barafu tupu. Walikuwa wanamtania? (Msomaji, Mombasa)

Hawakumtania. Siku hiyo ni Lichun, yaani machipuko yameanza, na huangukia kati ya tarehe 3 na 5 Februari. Tatizo la binamu yako ni Harbin yenyewe, mji wa kaskazini kabisa mwa China. Majina haya yalizaliwa kwenye bonde la Mto Manjano, mbali sana kusini mwa alipo yeye. Na hata huko Lichun haiahidi joto. Iko katikati ya siku iliyo fupi kuliko zote katika mwaka na ile ambayo mchana na usiku hulingana, kwa hiyo maana yake ni: mwanga unarudi, noa jembe. Zamani watu walimchapa viboko ng'ombe wa udongo ili kuiamsha kazi ya shamba. Siku hizi wengi huishia mezani, kwa vichapati vyembamba vilivyofungiwa mboga changa, au kipande cha figili mbichi. Huko ndiko "kuyang'ata machipuko".

Halafu, jamani, tusiyaite masika. Masika ni mvua zetu za Machi hadi Mei.

Mwaka Mpya wao unahamahama karibu kama Idi. Mbona Lichun haihami? (Msomaji, Unguja)

Mwaka Mpya hufuata mwezi, vipindi 24 hufuata jua. Njia ya jua angani kwa mwaka mzima ni nyuzi 360, na kila likisogea nyuzi 15 kipindi kipya kinaingia, takriban kila siku 15.

Wewe wa Unguja ungenifundisha mimi hili. Wazee wetu walifunga Ramadhani kwa kuandama kwa mwezi, lakini kulima na kusafiri baharini walifuata mwaka wa jua wa Nairuzi, wakihesabu miongo ya siku kumi kumi. Mwezi haujui mvua itanyesha lini. Wachina waliliona hilo hilo, ila wao wakaziunganisha hesabu mbili: baada ya kila miaka miwili au mitatu huongeza mwezi wa 13, na vipindi vya jua ndivyo vinavyoamua ni mwezi upi urudiwe. UNESCO iliviingiza vipindi hivi 24 katika orodha yake ya urithi mwaka 2016, kwenye kikao kilichofanyika hapa jirani, Addis Ababa.

Nimeona video ya bibi wa Hong Kong anapiga karatasi kwa kiatu chini ya daraja. Ni uchawi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni desturi ya Jingzhe, kipindi kinachoanza mwanzoni mwa Machi, wakati radi inasemekana kuwashtua wadudu waliolala ardhini. Wadudu wakiamka, na wabaya wako wanaamka. Basi unamlipa bibi aliyekaa chini ya barabara ya juu kule Causeway Bay, naye anaitwanga karatasi yenye umbo la mtu huku akimwapiza. Wengine huenda kwa imani, wengine kupunguza hasira za ofisini. Bosi wako hatadhurika.

Ni kweli yai husimama wima siku ya Chunfen? (Mwanafunzi, Nakuru)

Husimama siku hiyo ya mchana na usiku kulingana, karibu tarehe 20 Machi, au siku yoyote nyingine. Linataka subira tu.

Mteja wa China aliniambia chai yao ya kabla ya Qingming ni ghali mno. Chai si chai? (Mkulima, Kericho)

Kericho mnachuma mwaka mzima, ndiyo maana unashangaa. Kule Hangzhou mchai hulala wakati wa baridi. Machipukizi ya kwanza hukua polepole, ni madogo na machache, na ladha yake ni laini. Qingming ikishapita, karibu tarehe 5 Aprili, joto huyakuza majani haraka na bei hushuka. Kipindi kinachofuata, Guyu, bado hutoa chai nzuri. Ningekuwa mimi, ningenunua hiyo.

Familia ya Kichina imenialika kwenda nao makaburini siku ya Qingming. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Nanjing)

Nenda, umeheshimiwa. Watafagia kaburi, watang'oa magugu, wataweka vyakula na maua, pengine watachoma pesa za karatasi pale panaporuhusiwa. Vaa nguo za rangi tulivu, usipige picha bila ruhusa, na usiwatakie "heri ya Qingming". Hiyo si sikukuu ya kupongezana. Lakini usishangae wakitoka hapo wakaenda kurusha tiara, maana matembezi nayo ni sehemu ya siku. Wakikupa qingtuan, vitonge vya kijani vya unga wa mchele unaonata, vyenye maharage mekundu matamu ndani, kula taratibu. Vinaganda kwenye meno.