Mdhihaki, mkejeli au mtani? Kwa anayeanza kuhariri na kutafsiri

Habari imeletwa mezani kwako. Diwani amesema mkutanoni kwamba hoja za mwenzake ni za mtoto wa chekechea, na mwandishi ameandika "diwani huyo mkejeli". Futa neno hilo la mwisho kwanza, halafu ndipo uendelee kusoma. Kitenzi kinaripoti tendo, jina linahukumu tabia. Ukiandika "alimbeza" umeeleza la jana. Ukiandika "mkejeli" umesema ndivyo mtu yule alivyo, leo na kesho, na ushahidi wako ni sentensi moja tu. Jina la namna hii liachie mtu ambaye habari yenyewe inaonyesha kwamba ni mazoea yake.

Tena hapo hakuna hata kejeli. Kejeli husema kinyume cha inachokusudia. Mgeni amechelewa saa mbili, mwenyeji anamwambia, "Afadhali umewahi." Maneno ni matamu, uchungu uko kwenye hali iliyopo, na asiyejua kwamba mtu amechelewa hataiona kejeli. Kwa hiyo ukitafsiri kejeli, hakikisha hali hiyo imetajwa karibu, la sivyo msomaji ataichukua kama sifa ya kweli.

Kudhihaki ni kuzito zaidi. Asili yake ni neno la Kiarabu la kucheka, lakini kwa Kiswahili si kicheko tu: ni kumshusha mtu utu wake, au kukifanyia mchezo kitu kinachoheshimiwa, kama dini, maiti, kilema au ufukara. Mdhihaki anajua anachokigusa kina thamani kwa mwenziwe, na ndiyo sababu anakigusa. Kubeza hakuhitaji kicheko: mtu anaweza kubeza taarifa, juhudi au mshahara kwa uso mkavu, akionyesha tu kwamba havina maana. Kusimanga ni jambo jingine kabisa, maana huko mtu anakukumbusha wema aliokutendea ili ujione mdogo: "Hilo shati ulilovaa nani kakununulia?" Wanaoanza huandika "alimdhihaki" hapo, na maumivu ya fadhila iliyorudishwa usoni yanapotea.

Kijembe nacho kinataka uangalifu. Anayerusha kijembe hataji jina. Ukiandika "alimdhihaki", ile -m- inataja mlengwa, na wewe ndiye uliyenyoosha kidole, si msemaji. Andika "alirusha kijembe", kisha nukuu maneno yenyewe, msomaji aamue kiliangukia wapi.

Panaponasa wengi ni mzaha. Zaburi ya 1, katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, inamsifu mtu ambaye hakuketi "barazani pa wenye mizaha". Hao si wachekeshaji. Ni watu wanaolidharau neno la Mungu na kulifanyia mchezo, na msikilizaji wa kanisani huisikia hivyo bila kuelezwa. Lakini nje ya kanisa, "mtu wa mizaha" ni sifa njema au walau lawama ndogo: anapenda utani, hakai na kinyongo, mkiwa safarini mnataka awepo. Neno moja, vipimo viwili. Ukiandaa somo la dini kwa vijana, ongeza maelezo mafupi: wenye mizaha, yaani wanaodhihaki mambo matakatifu. Ukihariri habari ya kawaida, usilitumie "mwenye mizaha" kwa mtu mkatili wa maneno, kwa sababu msomaji wa kawaida atamwona mcheshi. Kwa wasomaji Waislamu, anayetafsiri mawaidha kuhusu sura ya 49 ya Kurani, aya ya 11, inayokataza watu kudharauliana kwa kejeli na kuitana majina mabaya, hana shida hii, maana "kudhihaki" linatosha.

Sasa umbo la maneno. Vitenzi vilivyoishia na -i kutoka Kiarabu hupokea m- tu: dhihaki, mdhihaki, wadhihaki, kejeli, mkejeli, wakejeli. Usiongeze -ji mwishoni. Tendo lenyewe ni dhihaka, si "udhihaka", na linaandikwa kwa dh hata kama unapotoka watu hutamka z. Kitenzi cha Kibantu kinaweza kubaki na -a kikifuatwa na kinachotendwa, kama katika methali: mcheka kilema hafi bila kumfika.

Angalia pia sauti moja inayogeuza maana nzima. Wanafunzi wanamcheka mwenzao aliyejikwaa; mama anamchekea mtoto wake. "Kumcheka" ni kumfanya kichekesho, "kumchekea" ni kumwonyesha uso wa furaha. Kosa la kuacha hiyo e halionekani na kikagua tahajia, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. Lisome kwa sauti.

La mwisho ni mtani, na hapa mtafsiri asiyejua mila ndipo anapomkosea mtu heshima. Katika jamii nyingi za Tanzania, watani huja msibani wakaiga sauti ya marehemu, wakalala njiani kuzuia jeneza lisipite hadi wapewe chochote. Kwa macho ya mgeni huyo ni mdhihaki wa maiti. Kwa wafiwa ni mtu mwenye haki yake, na asipokuja ndipo watakaposikitika. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, una historia ya misafara iliyokuwa ikishuka pwani, na hakuna upande unaofungua kesi kwa kuitwa jina baya. Kigezo ni kimoja: je, anayesemwa anaruhusiwa kujibu kwa kiwango kilekile? Akiruhusiwa, andika mtani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi kwa sababu hiyohiyo, kila mmoja husubiri zamu yake. Ila shabiki akimcheka mchezaji aliyevunjika mguu, utani umekwisha hapo, na kitenzi chako ni "alimdhihaki", hata kama yeye mwenyewe amedai alikuwa anatania. Dai lake liweke kwenye nukuu.